Maneno Matano ya Mama Fatouma

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Tumeanza kupima kumbukumbu za wazee hapa Ngagara. Mzee hutajiwa maneno matano, huzungumzishwa mambo mengine, kisha huombwa ayarudie. Wanaojitolea ni wawili, mimi na Bonfils. Ajira ni moja. Mimi nina shahada ya saikolojia, na nimesoma vitabu ambavyo Bonfils hawezi hata kuvibeba. Wazee wanamkimbilia yeye! Eti anawaulizia wajukuu. Daktari Spéciose, msimamizi wetu, amemsifu kwa subira. Subira! Hata kiti kina subira.

Jumanne, 9
Wazee wangu wamesahau kwa wingi. Bonfils kaniuliza, mbele ya watu, kama huwa nawatisha. Kaniita "Bwana Shahada". Atajuta.

Jumatano, 10
Kabla ya kazi nimepita kwa Mama Fatouma, mjane wa fundi magari, nikamfundisha kwa siri: kiatu, ndizi, mvua, kengele na mukeke, yule samaki wa ziwani. Ameyaimba kama kaswida. Kanicheka: "Mutoto yangu, mi nilikariri juzuu nikiwa kidogo. Hii nayo ni kazi?"

Alhamisi, 11
Matano kwa matano! Nilimtazama Bonfils kwa huruma. Kumbe mapema mno: Mama Fatouma alipoulizwa huu ni mwezi gani, akaimba tena. Bonfils, ambaye hakuna aliyemwita, akamuuliza taratibu amekuja na nani. "Na mume wangu," akajibu, "yuko nje anafunga pikipiki." Mume huyo tulimzika mwaka jana, nilikuwapo. Daktari akauliza wimbo umetoka wapi. Mama Fatouma akaninyoshea kidole. Katika yote, hilo ndilo alilolikumbuka! Amepelekwa kwa mtaalamu. Daktari kasema ningemrudisha nyumbani na ugonjwa wake, bila msaada wowote.

Ijumaa, 12
Ajira kapewa Bonfils, kwa majaribio. Eti ana jicho. Kwa hiyo kinachosifiwa ni kugundua mgonjwa! Mbona hawakusema? Jioni nimemwendea Mzee Tajudini, jirani aliyeniona nikizaliwa, mwenye akili timamu kuliko mtaa mzima. Nimemsihi Jumatatu ajifanye amesahau kila kitu, nami nimgundue. Amecheka, amekubali.

Jumamosi, 13
Nimempitia Tajudini kumkumbusha mpango wetu. Amekana kabisa kwamba tulionana jana. Kisha kaniuliza, kwa upole, mimi ni mtoto wa nani.

Mwanafunzi wa ajabu! Kaimudu kazi kwa usiku mmoja. Bonfils na ajiandae.