Wavu Mbichi wa Bwawa la Kambini

Jumatatu, 4 Machi 1957
Amri mpya. Mto Pangani umeingiwa na gugu geni, linaelea, lina ua la zambarau. Wavu uliotoka mtoni hauingii bwawa la kambi ya mkonge mpaka uoshwe, utolewe kila jani, uanikwe hadi ukauke kabisa. Atakayekagua ni mlinzi wa bwawa, Mzee Hatibu. Sadalla, mvuvi mwenzangu, kaanika wake leo hii hii. Anapenda kusifiwa, yule. Wangu umo ndani ya gunia. Kuanika ni kupoteza siku, na Bibiana, muuza samaki wa kambini ninayemtaka, anataka perege wa kukaanga.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetoka mtoni moja kwa moja. Nimeazima wavu mkavu kwa jirani, nikauweka juu ya gunia. Wangu mbichi chini. Nikampa Mzee Hatibu shikamoo ya heshima zote. Akaupapasa wa juu, akasema, "Pita, Tadeo mwanangu. Wewe nakuamini." Macho yake yamefifia siku hizi. Nimejaza kapu kabla Sadalla hajafika. Bibiana alicheka nami mbele ya watu. Siku njema. Sijapata nyingine mwaka huu.

Jumapili, 14 Aprili
Jumapili ya Matawi. Kuna maua ya zambarau bwawani, kwenye matete. Sadalla kasema yang'olewe leo leo. Nikamwambia asiwe mwoga, maua tu hayo. Nimechuma moja, nikampa Bibiana alipotoka kanisani. Kalitia kwenye beseni.

Jumatano, 29 Mei
Maji ya bwawa hayaonekani. Kijani kitupu, kifaranga anaweza kutembea juu yake. Perege wamekufa, harufu imefika hadi kanisani. Wanawake wa kambi wanateka maji mtoni, mwendo mrefu, na huko kuna mamba. Bibiana hana cha kukaanga, amezima jiko. Msimamizi kamfukuza kazi Mzee Hatibu, eti hakukagua. Mzee hakujitetea. Alisema tu kwamba macho yamemponza. Nilitaka kusema neno. Nikakohoa.
Sadalla yumo majini tangu asubuhi, anang'oa. Nami nimeingia na wavu wangu kuburuta magugu, upande ule Bibiana anaponiona. Hakunitazama.

Jumamosi, 1 Juni
Mzee Hatibu anahamia Maramba kwa binti yake. Nasikia huko kuna bwawa, maji safi, perege tele, na Sadalla hayuko. Nimemwambia mzee nitamsindikiza, nimbebee mizigo, haifai asafiri peke yake. Machozi yakamtoka. Wavu nimeutoa bwawani alfajiri, sikuwahi kuuanika, maana basi la abiria liliondoka mapema. Njiani akaniuliza kama wavu ni mkavu. Nikasema mkavu kabisa, baba. Gunia likawa linamdondoshea maji miguuni. Nikamwambia ni mvua, inaingia dirishani. Akasogeza miguu, akaniombea dua.