Sindano Imeshuka, na Heshima Yangu Nayo

Msione nimekaa kimya hapa kikundini tangu alasiri. Leo nimejiaibisha. Tena kwa sauti. Tena mkoa mzima wa Sharqiya umenisikia!

Mnajua hapa Ibra, Oman, nimebaki na redio ya marehemu mume wangu, ile ya kuzungumzia, antena yake juu ya paa. Kila baada ya Alasiri nazungumza na wifi yangu Salma, aliyeko mji wa Sinaw, yeye simu hataki. Watoto wananipigia simu, nawashukuru, lakini wananisemesha Kiarabu. Kiswahili changu kimebaki kwa Salma tu. Basi siku hizi Salma kimya. Naita, naita, hajibu. Nikasema, huyu kanichoka.

(Mtu akikaa peke yake hununa upesi. Mnisamehe.)

Leo nikaona, kabla sijamkatia mtu undugu, nipime antena kwanza. Marehemu alinifunza. Kuna mita ndogo yenye sindano. Unabonyeza kitufe cha kusemea, unatazama. Sindano ikikaa chini, sauti inatoka. Ikipanda, sauti inafika kwenye antena, inageuka, inakurudia mwenyewe.

Nikabonyeza. Sindano hiyooo, juu!

Sasa narekebisha vipi? Kitufe kinataka kubanwa, na antena iko kule paani, nje ya dirisha la chumba cha juu. Nyumbani hakuna mtu. Nikachukua mpira wa nywele, nikakifunga kipaza sauti, kitufe kikabaki kimebonyea. Nikakiweka dirishani pamoja na mita, nipate kuiona nikiwa nje. Nikatoka. Nikajiona fundi!

Nje ndipo nilipoona ubaya wenyewe. Waya wa kuanikia nguo, waya wa chuma, umeigusa antena! Nilipoufunga sikuwa na wa kunishikia ncha ya pili, nikaitia kwenye mlingoti wa antena. (Ndiyo, mie mwenyewe. Endeleeni kusoma.)

Nikaanza kuufungua, na mdomo nao ukafunguka. "Salma huyu! Alipokaa eda nilimpikia mie, leo hana haja na mie!" Waya ukaachia, chwaa! Nikakaa chini kupumua. "Na maandazi yake yale, ukimtupia mbuzi anakimbia! Nyumba hii ina vyumba sita, navifagia vyote, nani analala? Hata mwizi hapiti!"

Nikalia. Kidogo tu. Nikapenga kamasi kwa nguvu zangu zote, maana nani ananiona? Kuinua macho dirishani, sindano chini kabisa! Nikapiga kigelegele.

Nikaingia ndani, nikaufungua mpira. Papo hapo redio ikasema, sauti ya mwanamume, mmoja wa wale madereva wenye redio magarini, wanaopeleka wageni jangwani.

"Shikamoo, bibi. Tulikuwa tunangoja umalize."

"Marahaba. Nimalize nini?"

"Mwanzo tulisikia mikwaruzo tu. Halafu ukasafika. Ile kamasi, wallahi, nilidhani uko nami garini."

Laiti sakafu ingefunguka inimeze! Ikaja sauti nyingine, ya kike, naijua.

"Maandazi yangu mbuzi anakimbia?"

Salma. Kutoka Sinaw. Safi kama kakaa mkekani.

Kisha akasema, taratibu, "Nilikuita kila alasiri, Zuwena. Nikadhani weye ndiye umenichoka."

"Si mie, wifi. Ni waya wa nguo."

"Waya wa nguo!" Akacheka mpaka akakohoa. Madereva nao, wote, kumbe walikuwa wamejaa humo humo! Alipopata pumzi akaniambia, "Alhamisi nakuja. Nitandikie chumba kimoja kati ya hivyo sita."

Nikamwambia achague mwenyewe. Nikazima redio haraka, nikashika ufagio.

Basi funzo ni hili: kabla hujasema peke yako, hakikisha uko peke yako. Na asicheke mtu hapa! Mkishindwa kujizuia, chekeni redioni, nami nisikie watu nyumbani.