Gesti ya Mautingo Nyumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 21 Oktoba 2024. Masasi

Yuster kaondoka asubuhi kumpeleka mama yake Ndanda, hospitali, akafanyiwe macho. Mtoto wa jicho. Bibi wa watu haoni siku hizi, juzi kamsalimia mbuzi akidhani ni mimi. Binti yetu Wema kaenda nao. Watakaa wiki nzima. Nyumba nimeachiwa mimi.

Maagizo ya Yuster: usiuze kitu, usikope kitu, usianzishe kitu. Kanikumbusha na maneno ya mjomba wake, mzee Yohana, baada ya ile biashara yangu ya vifaranga. Upuuzi mmoja tena, narudishwa kwetu Lupaso na begi langu. Na anaweza! Nyumba ni ya upande wao. Sisi Wamakua mwanamume ndiye anayehamia ukweni, na mjomba wa mke akikohoa, unasimama. Wenzangu wamezoea. Mimi bado.

Jioni nimepita ghala la korosho. Malori yamepanga foleni mpaka kona ya kanisa yakisubiri kushusha. Madereva na mautingo wao wamelala chini ya malori, juu ya maboksi, wanapigana na mbu. Gesti ya Nurdini imejaa, tena bei kaipandisha msimu ulipoanza tu. Nikasimama pale. Nikatazama. Akili ikaanza kazi yenyewe, sikuituma.

Jumanne, 22 Oktoba

Bango tayari. Ubao, mkaa, mwandiko wangu mzuri: MALAZI NAFUU KWA MADEREVA NA MAUTINGO. MAJI YA KUOGA YAPO. MWENYE NYUMBA: BW. ARTHUR. Nimeligongomelea mlangoni. Nimerudi nyuma kulitazama mara kadhaa. Linapendeza.

Utingo atalala sebuleni kwenye mkeka. Dereva anataka kitanda. Kitanda changu nakilalia mwenyewe, sina haja ya kujitesa. Kinabaki cha Bibi Helena, mama mkwe. Kipana, godoro nene, neti haina hata tundu.

Tatizo: sijawahi kuvuka kizingiti cha chumba kile tangu nioe. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Hakai kitandani kwake. Wakikutana njiani, anapisha hata kama pembeni kuna mtaro. Nimeitafakari mila hiyo mchana kutwa, kila upande. Inanikataza mimi. Haisemi lolote kuhusu dereva.

Mgeni wa kwanza kapatikana magharibi. Lukmani, kaleta korosho kutoka Tunduru. Jitu la miraba minne, limechoka, halina maswali. Nimemwelekeza chumba nikiwa ukumbini, uso nimeugeuzia ukutani. Kaniuliza kama mle ndani kuna maiti. Nikamwambia hapana, kuna heshima.

Jumatano, 23 Oktoba

Lukmani katoka asubuhi anajikuna mgongo kwenye mwimo wa mlango. Utitiri! Mwili mzima! Kasema chini ya kitanda kuna kuku anaatamia, na kila akigeuka usiku, kuku anamgombeza.

Kumbe ndiyo maana jirani yetu Oliva alikuwa akiingia mle kila siku na kikombe cha pumba. Nilidhani anafagia. Ningejuaje? Mwenye gesti gani duniani haruhusiwi kuona chumba chake?

Nurdini kapita njiani makusudi. Kauliza kwa sauti kubwa kama kwangu kifungua kinywa ni mayai. Watu wakacheka. Hana adabu yule, na gesti yake ya vigae.

Sikukata tamaa. Ile salfa ya kupulizia mikorosho ilibaki nusu mfuko. Kama inaua wadudu wa mkorosho, utitiri ni nani? Nikaisukuma kwa ufagio mpaka kizingitini, Lukmani akainyunyiza kitandani. Akanyunyiza na godoro, na neti, na kuku. Amekohoa sana lakini hajikuni. Oliva kaniambia kupitia dirishani kwamba chumba kizima kimekuwa cha manjano, na Bibi Helena akirudi sijui nitasema nini. Nikamwambia asihofu. Bibi haoni.

Alhamisi, 24 Oktoba

Siku nzuri. Lori la Lukmani halijafikiwa, atalala tena. Mautingo wengine wamejaa sebuleni. Nimepika uji mwenyewe. Wananiita bosi. Yuster hajaniita hivyo hata siku ya harusi.

Nikilala najiona na gesti ya pili, Newala, karibu na ghala la kule. Nurdini atakuja kuniomba kazi. Nitamfikiria.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mungu wangu.

Yuster kapiga simu saa za mchana, sauti imejaa furaha. Wameruhusiwa mapema. Macho ya mama yamefunguka kabisa, anaona mpaka majani ya mikorosho. Tangu watoke Ndanda anasoma mabango yote ya barabarani kwa sauti, abiria wanampigia makofi. Sasa hivi wako Chigugu.

Ndipo nilipokumbuka kwamba mtu akipelekwa kufanyiwa macho, anarudi anaona. Jambo hilo halikuwa limenipitia kichwani.

Mautingo nikawafukuza kwa wito mmoja. Lukmani alikuwa amelala kitandani kwa mama mkwe, kifua wazi, anakoroma. Nikamwita kutoka mlangoni. Wapi! Nikamrushia kandambili. Nikamrushia muhogo. Nikaleta ufito mrefu, nikasimama nje ya kizingiti nikamchokoa unyayo. Akacheka usingizini. Mguu wangu mmoja ulinyanyuka kuingia, haki ya Mungu, lakini ukakataa. Nimezaliwa ndani ya mila hii. Mguu una malezi yake.

Mara nikamsikia Bibi Helena mlangoni, anasoma polepole, herufi baada ya herufi. MWENYE NYUMBA. BWANA. ARTHUR.

Alipoingia ukumbini ilinibidi nimpishe. Ndiyo mila! Nikapisha mpaka nyuma ya jiko, kwa hiyo hakubaki mtu wa kueleza. Nilisikia kila kitu. Lukmani kaamka, kaona bibi kasimama mbele yake, katoa shikamoo. Bibi kaitikia marahaba, kisha kauliza yeye ni nani. Mgeni wa gesti, mama. Kauliza aliyempa kitanda hicho. Mwenye nyumba, mama. Bibi akarudia maneno hayo taratibu, akamwambia Yuster ampigie mjomba Yohana.

Kisha akaona kuku.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kikao. Nimekaa kwenye kigoda, wao kwenye viti. Mzee Yohana hakupandisha sauti. Kasema mpe mtu shubiri, atachukua pima. Kasema angeweza kusamehe kitanda, na salfa, na hata yule kuku wa manjano. Lakini kuandika mwenye nyumba mlangoni kwa dada yake, naye yu hai, kalazwa tu Ndanda! Hilo halisameheki.

Nikajitetea kwamba neno lile ni la biashara tu. Bibi Helena, kupitia kwa Oliva kwa sababu hatuzungumzi uso kwa uso, akauliza kama na kitanda chake ni cha biashara. Oliva kalirudia swali bila kuombwa.

Hukumu: nirudi kwetu. Begi kalifunga Yuster mwenyewe. Nilitegemea kelele, sikuzipata. Kaniambia tu kwamba alikuwa na furaha njia nzima, alitaka mama anione kwanza mimi, kwa sababu tangu macho yaharibike hajaiona sura yangu vizuri. Wema kanishika suruali. Nimeumia. Naandika hivi kwa kuwa ni kweli.

Jumatano, 30 Oktoba. Lupaso

Niko kwa dada yangu Maryam. Usiku sipati usingizi. Namkumbuka Yuster, namkumbuka Wema, nakumbuka hata kikohozi cha mzee Yohana.

Leo habari njema! Yuster kamlainisha mjomba. Jumamosi wanakuja wote wawili kuzungumza na wazee wangu. Nikiomba radhi kwa adabu, narudi nyumbani. Yuster kaomba kwenye simu, kwa sauti ya chini, nisiharibu. Nimeapa. Nimejifunza, nikamwambia, tena kwa uchungu.

Shida ni moja. Wakifika watachelewa, itabidi walale. Mume wa Maryam kasafiri Newala kwenye msiba na chumba chao kilikuwa wazi, Maryam analala na watoto. Lakini tangu jana nimeshakiahidi kwa dereva anayekuja kubeba korosho za chama cha msingi cha wakulima hapa kijijini. Kalipa kabisa. Maryam bado sijamwambia, nasubiri awe na nafasi.

Basi mzee Yohana na Yuster watalala sebuleni, pamoja na mautingo wa dereva huyo. Mkeka ni mzuri, mpya. Nitawatoza nusu bei. Mkwe ni mkwe.