Miezi Kumi na Minne ya Maji ya Sylvanus

Phanuel Osiako,
Karani wa Mizani (mstaafu),
Lurambi, Kakamega.

Kwa Meneja,
Benki ya Akiba ya Isiukhu,
Tawi la Kakamega.

Bwana Meneja mpendwa,

KUH: BILI YA MAJI INAYOJILIPA YENYEWE

Natumaini wewe, wafanyakazi wako na kile kiyoyozi chenu mu wazima. Mimi ni mzima pia, isipokuwa presha, ambayo imepanda tangu Jumanne kwa sababu utakazozisoma hapa chini.

Kwanza unijue. Nilipima miwa kwenye mizani ya kiwanda kwa miaka thelathini na mmoja. Trekta ikipanda pale, nilisoma namba, nikaandika namba, na hakuna mkulima aliyewahi kubishana na namba yangu akashinda. Kwa hiyo jambo la namba likitoka kwangu, lisome kwa heshima.

Ili nisionekane mtu wa lawama tu, naanza na faida za mpango wenu wa kukata bili moja kwa moja kutoka kwenye akaunti. Zamani, kila tarehe tano, nilikuwa nikienda mjini kulipa maji dirishani. Nilipanga foleni, nikajua nani amefariki, nani ameoza binti, mahindi ni bei gani huko Likuyani, kisha nikarudi nyumbani jioni, miguu imechoka na habari ninazo. Binti yenu Beverly akanihurumia. Akaniambia, "Mzee, wewe keti tu nyumbani, bili itajilipa yenyewe." Nikatia sahihi. Beverly hakunidanganya. Nimeketi, bili imejilipa, na magoti yangu yanawashukuru sana. Shida ni moja tu: bili iliyojilipa si yangu. Ni ya Sylvanus.

Sylvanus ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tunaishi kwenye boma la marehemu baba, tunatumia lango moja, na hatujasalimiana kwa miaka minne. Sababu ni hayo hayo maji. Tulikuwa na mita moja na bili tukigawana nusu kwa nusu, mpaka Sylvanus akanunua ng'ombe wawili wa maziwa. Nikamwambia ng'ombe hunywa kuliko watu, alipe theluthi mbili. Akasema wajukuu wangu wanaoga mara mbili kwa siku kana kwamba wanaenda kuoa. Nikaapa mbele ya ukoo kwamba sitalipia tena hata tone moja la maji yake. Fundi akaja, akatufungia mita mbili pale langoni, kila mtu na yake, na tangu siku hiyo tukanyamaziana.

Sasa ona. Beverly alipotaka namba ya mita, nilienda langoni nikaandika ile ya kulia. Mimi ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa hupewa upande wa kulia. Baba alisimama mlangoni kwake akitazama lango, akanyoosha mkono wa kulia, akasema huku ni kwa Phanuel. Mtoto yeyote wa boma lile anajua. Kumbe fundi alipokuwa akifunga mita alisimama barabarani akitazama nyumba, na kulia kwake ni kushoto kwetu! Jumanne, Mathew anayesoma mita alinikuta langoni nikiipangusa vumbi mita yangu. Akaniambia, "Mzee, yako ni ile ingine."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkukosea. Kila tarehe tano pesa zilitoka. Siku mtambo wenu ulipolala na watu wakashindwa kutoa pesa za mazishi, zangu zilitoka. Mngekosea hata mwezi mmoja tu, ningekuja hapo kuuliza na ukweli ungejulikana. Uaminifu wenu ndio ulioniponza.

2. Hamna macho. Yule mama wa dirishani kwenye ofisi ya maji ananijua. Angeiona namba ile angepaza sauti foleni nzima isikie kwamba leo Mzee Osiako anamlipia mdogo wake. Ningeaibika mara moja, nikarudi nyumbani na pesa zangu mfukoni. Kompyuta yenu haijui nani hasemezani na nani.

3. Hapa naomba ukae chini. Bili ilianza na shilingi mia sita. Ikawa elfu moja na mia mbili. Februari, kiangazi kilipokaza, ikafika elfu tatu na mia nne. Nami, mtu wa hesabu, nikaona wazi kwamba nyumbani kwangu kuna ubadhirifu. Nikanunua kufuli nikafunga bomba, ufunguo nikauvaa shingoni. Nikawapimia watu wangu ndoo mbili kwa siku. Wajukuu walipokuja likizo waliogea karai moja wote watatu. Bili ikapanda. Nikapunguza, ikawa ndoo moja. Ikapanda tena. Mke wangu Gentrix akawa anateka maji mtoni na mgongo wake ule mbovu, mpaka siku moja akaniambia, "Baba Bravin, hapa tunaoshanga uso na kitambaa, na wewe unasema tunamwaga maji?" Nikamjibu kwamba namba haikosei. Jibu hilo limenikaa kooni tangu Jumanne.

Na wakati huo wote, ng'ambo ya ua, sukuma wiki ya Sylvanus ilikuwa imestawi katikati ya kiangazi, na ng'ombe wake walikuwa wakioshwa migongo kila asubuhi. Nilimwita Gentrix nikamwonyesha. Nikamwambia, mwangalie Sylvanus, yule ndiye anayejua kubana matumizi.

4. Ndama. Mwezi wa sita ng'ombe mmoja wa Sylvanus alizaa ndama jike, mnene, mwenye paji jeupe. Mama yake alikunywa maji yangu mimba nzima. Kwa hiyo nusu ya ndama yule ni mali yangu, na ninadai nusu ya nyuma, yenye chuchu.

Naomba basi mpango huu usimamishwe leo hii. Nirudishiwe pesa zote za miezi kumi na minne pamoja na bei ya kufuli. Benki imwandikie Sylvanus kumdai ndama, maana mimi siwezi kumwandikia mtu nisiyemsalimia. Tena Beverly aje Lurambi kwa gharama yenu, asimame mlangoni kwa baba, aonyeshwe kulia ni wapi. Msiponijibu kwa siku saba nitahamishia pesa zangu chini ya godoro, ambako hakuna anayezikata isipokuwa Gentrix, naye huwa anabisha hodi.

Nisalimie askari wa mlangoni, makarani wote wa dirishani na mama wa chai. Beverly pia msalimie, lakini isiwe sana.

Ni mimi mteja wenu, kwa sasa,
Phanuel Osiako.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Gentrix aliponiuliza swali dogo. Kama sisi tumelipa maji ya Sylvanus miezi kumi na minne, ya kwetu yamelipwa na nani? Maana hatujakatiwa hata siku moja. Bwana Meneja, hesabu hiyo ilinipita kabisa. Nikaenda mjini, nikapanga foleni, na yule mama wa dirishani akaniambia bili yangu inalipwa kila mwezi, pesa taslimu, na Khalayi, mke wa Sylvanus.

Gentrix akaenda uani kumuuliza. Kumbe mwezi ule wa kwanza walifika dirishani wakaambiwa bili yao imeshalipwa na P. Osiako. Sylvanus alirudi nyumbani akakamua ng'ombe. Kisha akamwambia Khalayi, "Kaka ameomba amani, na kwa vile ni mkubwa hawezi kutamka. Tusimwaibishe. Tulipe yake, tunyamaze." Na kwa sababu ya kufuli langu bili yangu ikawa ndogo sana, wakadhani ninawahurumia. Hata maziwa ninayotilia chai tangu mwezi wa sita, Gentrix hakuyanunua popote. Khalayi anasema kila asubuhi Sylvanus hukawia pale langoni, huenda nikamsalimia.

Basi mpango msiuguse, na namba iacheni hivyo hivyo. Ndama abaki mzima alipo. Kufuli nimelitoa. Jumapili tumealikwa kwao, Khalayi atachinja ingokho, yule kuku wa kumheshimu mgeni, na Sylvanus amesema atasimama anishukuru mbele ya watoto wote. Barua hii naituma kwa sababu stempu nilikuwa nimeshanunua. Mkimaliza kuisoma ichomeni. Na mtu yeyote akija hapo kuuliza, hasa Sylvanus, mwambieni kwamba Mzee Osiako alipoandika ile namba alijua anachofanya.