Godoro la Utafiti

Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote, ila koti lake na miwani yake ya kioo kitupu vilimpa cheo hicho mtaani, naye hakuona sababu ya kukikataa. Siku hiyo alikuwa amejibanza kwenye benchi la zahanati akikwepa jua, ndipo akamsikia muuguzi akimweleza mama mmoja mwenye vidole vilivyovimba: watafiti wameona kwamba mtu asiyelala vizuri, mwili wake huweza kujaa uvimbe wa ndani kwa ndani.

"Sasa mwanangu, godoro langu ni nene, tena la bei mbaya, lakini ndilo linaloninyima usingizi," mama akalalamika.

Masikio ya Profesa yakasimama. Akamfuata mpaka nje.

"Shikamoo, mama. Utafiti huo ninausimamia mimi."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe!"

"Tatizo ni godoro, mama. Mchana linafyonza uvimbe wako, ukilala linakurudishia. Lazima liende maabara."

Tumpe haki yake: uongo huo mzima aliutunga kati ya benchi na geti.

Mama akamkazia macho, kisha akatabasamu. "Lichukue, baba. Lakini mimi nitalala wapi? Nikilala sakafuni si nitakuharibia utafiti?"

Tayari Profesa alikuwa na muuza fenicha wa kumuuzia kichwani, na tamaa ikampofusha. Akampelekea mama nyumbani kwake godoro lake mwenyewe, jipya ila jembamba, pamoja na mto wa kuonyesha utu. Akaondoka na la mama kichwani, shingo imeingia mabegani, akipiga mluzi.

Muuza fenicha alilibonyeza, akafunua mshono mmoja, akaruka nyuma.

"Toa balaa lako dukani kwangu! Kunguni watupu!"

Hakuna aliyelitaka. Basi Profesa, asiye na pengine pa kuweka ubavu, akalilalia mwenyewe. Wiki haikuisha macho yakawa mekundu, mgongo umejaa mistari ya kucha, na koti likahamiwa na wapangaji wapya. Akapiga moyo konde, akaenda kubisha kwa mama.

Mama alitoka akikamua nguo, uso unang'aa, vidole vimenywea.

"Mama, utafiti umekwisha. Naomba godoro langu."

"Umekwishaje, na mimi ndio kwanza napona? Nikilirudisha, matokeo yako si yataharibika?"

"Lakini lako lina kunguni!"

"Najua, baba. Nilishatafuta mtu wa kulitoa ndani nikachoka. Wabeba mizigo wote walinikimbia." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mbona hivyo? Wewe hulali, Profesa. Vuta kigoda nikueleze usingizi mbaya unavyoleta uvimbe."

Profesa akajikuna mgongo. Akavuta kigoda, akakaa, maana magoti yalikuwa yanamuuma kweli.