Salamu Zisizozidi Sekunde Tano

Itangazwe na ieleweke, kuanzia Garsen mjini mpaka vijiji vya chini ya mto, ya kwamba Chuo cha Jamii cha Mwanga Mpana kimepiga hatua kubwa ya kitaaluma: kimepunguza salamu. Kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Nne, mwanafunzi wa udaktari msaidizi atamsalimu mgonjwa kwa muda usiozidi sekunde tano, kisha atamuuliza anaumwa wapi. Akizidisha, amefeli. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa darasa, kwenye tangi la maji, na nakala moja akapewa mama wa chapati, ambaye hasalimii mtu hata hivyo.

Istahil alikuwa ameshafeli mara mbili. Hakufeli dawa, wala kupima presha, wala kutafuta mshipa wa mtoto anayerusha mateke. Alifeli salamu. Kwao Bangale mtu hakwambii ana homa kabla hujamuuliza watu wake wameamkaje, ngamia wamekunywa wapi, majani yapo, mvua imeonekana upande gani. Ukimrukia na "unaumwa wapi" anadhani umetumwa na polisi. Basi kila mtihani, Istahil akifika kwenye ngamia, kengele inalia.

Hii ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Zahanati ya kwao ilikuwa na kufuli miezi minane, ikimngoja yeye. Angefeli, kufuli lingebaki pale pale, naye angekwenda kupima sukari ya kilo kilo dukani kwa mjomba wake.

Kwa heshima ya siku hiyo, mkuu wa chuo, Bwana Martin, alijiteua kuwa mgonjwa wa mfano. Kamati ya Uigizaji wa Maradhi ilikaa vikao vinne, chai na maandazi, ikampangia goti la kushoto. Kanuni, aliyoitunga yeye mwenyewe, ilisema mgonjwa wa mfano atashikilia ugonjwa aliopangiwa, asiongeze, asipunguze, wala asiinuke kitini mpaka mtahini atie sahihi.

Mtahini alikuwa Mwalimu Lois, mwanamke wa Wenje asiyecheka kazini. Akabonyeza saa.

Istahil akaketi, akamtazama mgonjwa. Jasho puani, midomo imekauka, mkono mmoja tumboni. Ule mwingine, alipokumbuka, akaupeleka gotini. Sekunde tano zikaisha Istahil akitazama tu. Huyu mtu anaumwa kweli, akajisemea, na potelea mbali.

"Adeer," akasema, kama wanavyowaita kwao wanaume wa rika la baba, "watu wa nyumbani wameamkaje?"

"Goti," akasema Bwana Martin.

"Watoto?"

"Wazima. Goti la kushoto."

"Na mifugo?"

"Mimi Mpokomo, mtu wa shamba, binti. Mifugo nitoe wapi? Nina kuku."

"Kuku nao wanaendeleaje?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi ya kamati. "Wanasinzia," akasema.

"Wote?"

"Mmoja hasinzii tena. Jana tulimuwahi na kisu."

"Mkamzika."

"Tukampika."

"Akaiva?"

"Kuni zilikuwa mbichi," akajibu kwa sauti ndogo.

Mwalimu Lois akaandika kitu. "Mgonjwa, rudi gotini."

"Lois, dada yangu, tumbo linanikata."

"Umepangiwa goti."

"Basi niruhusu niende chooni mara moja."

"Mgonjwa wa mfano hainuki. Kanuni yako hiyo. Istahil, muda unakwenda."

Istahil akamvuta ngozi ya mkono kidogo, ikachelewa kurudi: maji yamemwishia mwilini. Akashika mshipa, unakimbia. Akakoroga maji ya chumvi na sukari kwenye kikombe, akamnywesha funda moja moja, na Bwana Martin akanywa huku amekumbatia goti kwa nidhamu kubwa.

"Ni yule kuku, adeer. Goti lako halina neno."

"Ni kuku, nakiri. Lois, mpe sahihi apite, na mimi nipite."

"Alizidisha salamu. Kanuni inasema amefeli."

"Nimeifuta."

"Kwa mdomo?"

Bwana Martin akaomba karatasi. Akaandika kwamba kuanzia leo salamu ni sehemu ya matibabu na hazina kikomo, kwa watu, mifugo na kuku. Mwalimu Lois akasoma. Akarudia kusoma, akaongeza mkato mahali palipostahili, ndipo akagonga muhuri.

"Istahil, umefaulu. Kachukue ufunguo wa zahanati."

Bwana Martin alikuwa ameshachomoka. Aliukata uwanja kwa mbio ambazo mwenye goti bovu hazimudu, wanafunzi wakimpisha kwa heshima. Mwalimu Lois akamtazama kupitia dirishani mpaka mlango wa choo ulipofungwa. Akavuta fomu ya pili, ile ya wagonjwa wa mfano, akaijaza pole pole.

"Alipangiwa goti, akaleta tumbo," akasema. "Amefeli. Atarudia muhula ujao."