Bomba la Joto la Faina Lvovna

Jumatatu, 11 Novemba
Nimeduwaa. Ulyana, anayepanga maonyesho ya Jumamosi kwenye ghala la zamani kando ya mto, kausikiliza wimbo wangu hadi mwisho, kisha akasema unasikika kama wa mtu aliyeshiba. Mimi! Wimbo wenyewe ni wa theluji, maghorofa ya kijivu na mwanamke aliyeondoka na paka. Nimekaa nao kwenye kompyuta wiki sita, nimenuna. Kweli nilikuwa nakula pelmeni za Mama, vile vitonge vya unga vyenye nyama ndani, lakini Ulyana kajuaje? Kanipa hadi Alhamisi nimpelekee huzuni ya kweli. Nafasi imebaki moja, na Timofei wa ghorofa ya tano anaitaka. Huyo huvaa koti jeusi hata jikoni. Nikiikosa, Mama kasema basi, nikauze matairi kwa mjomba.

Jumanne, 12 Novemba
Nimepata! Nilipofungulia muziki, Faina Lvovna wa chini yetu akaanza kugonga bomba la joto kwa kijiko, kama jengo zima linavyofanya likichoshwa na jirani. Bomba hilo la maji ya moto, la kutupashia joto wakati wa baridi, limepita nyumba zote. Mlio ulinifikia mzito, wa baridi, umekata tamaa kabisa. Nikafunga simu kwenye bomba kwa soksi, nikarekodi. Nikaongeza sauti, naye akaongeza nguvu. Tumefanya kazi pamoja saa mbili bila yeye kujua. Jioni nikamsikilizisha Timofei kidogo pale kwenye ngazi, ili aumie roho.

Jumatano, 13 Novemba
Balaa. Kwenye rekodi nzima Mama anauliza kama nataka pelmeni kwa krimu au kwa siki. Lazima tuanze upya, na Faina Lvovna hagongi! Nimefungulia besi mpaka glasi zikatembea kabatini. Kimya. Nimerukaruka na viatu vya theluji. Kimya. Nikaogopa kwamba amefariki, nikashuka, nikatega sikio mlangoni. Alikuwa anacheka na mtu. Harufu ya keki ilijaa kwenye ngazi. Nikapanda juu nimeudhika. Mtu mzima anaachaje kazi katikati?

Alhamisi, 14 Novemba
Tangazo la Ulyana limebandikwa mlangoni mwa jengo. Jumamosi: Timofei, na Faina Lvovna kwenye bomba. Nimelisoma mara tatu.

Nikashuka kumuuliza amenifanyia nini. Hakuona aibu hata kidogo. Akasema Timosha, ndivyo anavyomdekeza Timofei sasa, alibisha hodi, akavua viatu, akaleta keki, akauliza kama anaweza kugonga polepole zaidi. Miaka thelathini amegonga chuma kiwandani na hakuna aliyewahi kumuuliza anagongaje.

"Na wewe Rodya, mwanangu, si ungeshuka tu uniombe? Ningekugongea mpaka uchoke."

Nikamjibu kwamba msanii haombi. Akanifungia mlango taratibu.

Jumamosi, 16 Novemba
Nimekwenda kuzomea. Wamemkalisha bibi wa watu kwenye kiti, bomba kutoka jaa la vyuma mbele yake, kijiko mkononi. Alipogonga mara ya kwanza, watu wa nyuma wakasimama ili wamwone. Ulyana akalia. Mama, ambaye sikujua kama yupo, akalia. Kisha nikashtuka kuona na mimi nalia, maana pigo lile nililijua. Ndivyo alivyonigongea mimi Jumanne. Nikasahau kuzomea.

Jumapili, 17 Novemba
Mama kampigia mjomba. Kesho matairi.

Faina Lvovna kaniletea keki iliyobaki, akanikumbusha tena kwamba mlango wake haung'ati. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nimeelewa kabisa kosa langu: nilichagua jirani asiyefaa.

Gennadi wa ukuta wa pili ana drili. Drili ina huzuni ambayo Timofei haijui hata kwa ndoto. Nimesogeza spika hadi ukutani kwake na kufungulia besi. Bado hajaanza, lakini simu nimeshaifunga kwa soksi, na Mama nimemtuma sokoni.